Sahihi Yenye Mkia

Védaste Munyakazi alikuwa na sahihi nzuri kuliko mtu yeyote kuanzia Buhene hadi uwanja wa ndege. Herufi ya kwanza aliisimamisha wima kama mtu anayengoja kupigwa picha, za katikati akazibana, na ya mwisho akaivuta mkia mrefu uliozunguka jina zima na kurudi ulikotoka. Alijifunza kuandika hivyo utotoni huko Masisi, kwa mwalimu aliyefundisha kwa rula na vidole vya watoto, na hakuona kwa nini mateso yale yote yapotee bure. Basi akaipeleka sahihi yake kwenye karatasi za viwanja.

Sheria ya kununua kiwanja huku kwetu ni rahisi na kila mtu anaijua. Muuzaji na mnunuzi wanauzunguka mpaka pamoja na mashahidi, kwa miguu, pembe kwa pembe. Wakipita wanachomeka miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe ambayo ukikata kijiti chake ukakitupa chini kinashika chenyewe. Wakimaliza wanaketi, inaletwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ndani ya bidoni, lile dumu la plastiki la njano, na huku wakinywa karatasi inapita kutoka mkono hadi mkono ili kila shahidi atie sahihi. Kwanza miguu, kisha koo, kisha mkono. Wazee walipanga hivyo, na walijua kwa nini.

Védaste alianza na koo.

Si kwamba alikuwa mlevi. Anayemwita mlevi anakosea, tena mkewe Dative angemkemea vikali, kwa kuwa haki ya kumsema Védaste alijiwekea yeye peke yake. Alikuwa tu mtu mwenye saa zake. Mipaka huzungukwa saa tatu asubuhi, na saa tatu asubuhi Védaste alikuwa anaumwa magoti. Saa sita, bidoni ikifunguliwa, magoti yalipona. Alifika amevaa koti lake la kahawia, akasalimia kila mtu na kumwulizia mamake, akatafuta mahali pazuri pa kukaa, akanywa, akachekesha watu. Karatasi ilipomfikia aliomba biki nzuri, si hiyo inayovuja, na akauvuta mkia wake taratibu watu wakimtazama. Walimsifu. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza kama miguu yake ilikuwa imepita pale mkono wake ulipopita.

Miaka ikaenda hivyo, mpaka ikawa hakuna kiwanja kinachouzwa mtaani bila yeye. Wakamwita Papa Témoin, yaani Papa Shahidi, na jina likamkaa vizuri kuliko koti. Ukimwuliza kazi yake, hakukwambia kwamba analima maharage nyuma ya nyumba, wala kwamba anayelisha nyumba ni Dative na magunia yake ya makaa. Alikujibu, "Miye niko témoin," kwa sauti ya mtu anayesema yeye ni daktari.

Halafu mlima wetu wa moto ukamwagika. Kila mtu wa Goma ana habari zake za ile jioni ya Jumamosi, mwezi wa tano, mwaka wa 2021, na tukianza kuzisimulia hatutamaliza leo. Itoshe kusema kwamba moto ulishuka ukafunika viwanja vyote vya upande wa juu wa mtaa, kisha ukasimama. Ulipopoa palibaki jiwe jeusi tupu. Nyumba, maharage, miyenzi, pembe za viwanja, vyote vilikuwa chini yake. Kilichosalia huko juu ni kanisa dogo lililojengwa kwenye mwinuko, kwa sababu moto ulipolifikia uligawanyika ukapita pande zote mbili. Waumini wanasema ni muujiza. Wasio waumini wanasema ni mwinuko. Mradi msalaba wake ulibaki umesimama kwenye paa, na mtu aliye chini anauona mpaka leo.

Kwa miaka miwili hakuna aliyegombania jiwe. Lakini Goma ni mji ambao hata jiwe lina mwenyewe, na watu wa hapa tumezoea kujenga juu ya kile kilichotubomolea. Wenye karatasi wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Mmoja wao alikuwa Mama Nabintu, mjane mwenye asili ya upande wa Bukavu, aliyekuwa amepanga nyumba Katoyi. Marehemu mumewe, Bashige, karani mpole, alikinunua kiwanja chake mwaka wa 2004 kwa muzee Hitimana, na kila Jumamosi alikwenda kulima maharage. Nabintu mwenyewe alifika huko mara mbili au tatu tu, kwa kuwa alikuwa na watoto na soko. Bashige akafa. Kisha mwenye nyumba wa Katoyi akaitaka nyumba yake. Nabintu akachukua karatasi, watoto watatu, vyungu na turubai, akaenda kukaa juu ya jiwe. Akachomeka mti wa kamba ya nguo kwenye tundu mojawapo la jiwe, maana lile jiwe limejaa matundu, na akaanza kupanga mawe ya msingi wa vyumba viwili na jiko.

Hapo akatokea Achille Sikuli, muuza mabati wa Mabanga. Tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. Kiwanja cha jirani alikinunua kwa watoto wa marehemu Hitimana mwaka mmoja kabla ya moto, mvua ikinyesha, bila kuzunguka chochote, na sasa aliamini kwa moyo wake wote kwamba msingi wa Nabintu umeingia kwake. Karatasi ya Bashige ilisema kiwanja kinapakana na cha Hitimana. Karatasi ya Achille ilisema kiwanja kinapakana na cha Bashige. Chini ya karatasi zote mbili palikuwa na sahihi ileile yenye mkia.

Waligombania hatua nane. Ni kidogo kwa mtu mwenye duka Mabanga. Kwa Nabintu, ndani ya hatua hizo nane mlikuwa na chumba kimoja na jiko, na akiziondoa, kinachobaki ni ukanda wa kuanikia nguo. Nyumba haiingii hapo. Angekunja turubai lake, na pa kulikunjulia tena hakupajua.

Chef wa avenue, yaani mkuu wa mtaa wetu, Jean-Bosco, aliita mashahidi wa 2004. Kati ya watatu, mmoja alikuwa kaburini. Wa pili, Murhula, alihamia Vitshumbi kuvua samaki, na simu yake iliita mpaka ikachoka. Akabaki Papa Témoin.

Siku ilipofika watu walijipanga juu ya jiwe. Achille alikuja na viatu vilivyong'aa, na kwa heshima ya desturi akaleta bidoni ya kasiksi, ikawekwa kwenye kivuli cha turubai la Nabintu. Nabintu alisimama kando, mikono kwenye kitenge.

"Papa Témoin," Jean-Bosco akasema, "batu bote banakungoja weye. Mupaka ya Bashige ilipita wapi?"

Ukweli ni kwamba Védaste hakujua. Hakuwa ameuona mpaka ule siku ile wala siku nyingine yoyote. Lakini mtu aliyeitwa Témoin kwa miaka ishirini hasemi "sijui" mbele ya mtaa mzima. Alichukua fimbo, akatazama mbingu, akainama akaligusa jiwe na kunusa vidole kama mtu anayeonja mchuzi. Akaanza kutembea huku akihesabu kwa Kifaransa, polepole, ili wasiosoma waone kwamba hii ni kazi ya kitaalamu. Alikuwa amefika *vingt-trois*, ishirini na tatu, alipoona kwa pembe ya jicho kwamba kivuli cha turubai kimesogea na jua linakaribia kuipiga bidoni. Kasiksi ikipigwa na jua inaharibika. Akaigonga fimbo chini.

"Ni hapa."

Pale ndipo Achille alipokuwa akidai. Hatua nane zote zikaenda upande wa mabati.

Nabintu hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu, kwa kuwa Védaste alijua namna ya kujibu kelele. Mama huyo alimjia taratibu, Védaste akiwa na kikombe chake cha kwanza mkononi, na kumwinamia kidogo kama mtu anavyomwinamia mkubwa.

"Papa Védaste, aksanti. Bwana yangu alisemaka: siku miye siko, kama mutu anakuletea mambo juu ya hii parcelle yetu, uliza Papa Védaste. Ye alikuwako. Kama weye unasema ni hapa, basi ni hapa."

Akaenda kwenye msingi wake, akachuchumaa, akang'oa jiwe la kwanza na kulipeleka upande mwingine. Akarudi kuchukua la pili. Mtoto wake mkubwa alitaka kumsaidia, akamkatalia kwa kichwa.

Kasiksi ikawa mdomoni mwa Védaste kama maji ya kuoshea sahani. Alikunywa vikombe viwili tu, jambo ambalo lilitosha kuwashangaza watu.

Alipofika nyumbani, Dative alikuwa anachagua maharage kwenye ungo.

"Umeonesha mupaka?"

"Nimeonesha."

"Ya nani?"

"Ya Bashige."

Dative alicheka mpaka akauweka ungo chini ili maharage yasimwagike. "Weye? Siku ile miye njo nilikuamusha, saa sita! Nilikuambia, amuka, batu bameshafungua bidoni. Weye ulizunguka mupaka gani? Ulizunguka bidoni!"

"Dative, nyamaza."

"Na umepatia nani?"

Akamweleza. Akamweleza na habari za mawe, jinsi yule mama alivyoshukuru, na alivyokuwa akiyang'oa moja moja. Dative akaacha kucheka. Akauchukua ungo tena, akachagua kwa muda, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini.

"Afazali angekutukana."

Védaste hakula jioni ile. Aibu ilimshika. Alikuwa ameishi miaka sitini na minane akidhani anaijua aibu, kumbe alikuwa anaijua ile ya kuonwa na watu tu. Hii ya kujiona mwenyewe ilikuwa ngeni, na haikukubali kuchekeshwa.

Asubuhi alitoka nyuma ya nyumba kufanya kile ambacho kila mwanamume hufanya akiamka. Mlima ulikuwa wazi, bila wingu, moshi mwembamba juu yake, na ubavuni mwake kale kamlima kadogo kanakoegemea mkubwa kama mtoto mgongoni. Alikuwa amesimama hivyo, mkono una kazi yake na macho hayana kazi, ndipo akakumbuka.

Alikumbuka 2004. Alikuwa amekunywa vikombe vitatu, akasimama, akashuka hadi pembe ya chini ya kiwanja cha Bashige kutafuta mahali pa kujisaidia. Mbele ya miguu yake palikuwa na mstari wa vijiti vya miyenzi vilivyochomekwa asubuhi ileile, unapanda moja kwa moja kuelekea kanisa. Na juu ya kanisa, msalaba ulikuwa umekaa sawasawa ndani ya lile bonde kati ya mlima mkubwa na mtoto wake, kana kwamba padri kaupanda msalaba juu ya mlima. Ilimchekesha. Alikuwa bado anacheka peke yake muzee Hitimana alipomfokea kutoka nyuma: "Védaste! Hapana kojolea mupaka, miti itakauka!" Watu wote waligeuka, naye akarudi kwenye bidoni akifunga suruali, na tangu siku ile hakupenda kuikumbuka habari hiyo. Sasa akaona kwamba, katika maisha yake yote ya ushahidi, hicho ndicho kitu pekee alichowahi kukishuhudia kwa macho yake.

Alibaki amesimama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mpaka ulikuwa umerudi kichwani mwake mzimamzima, lakini alijua utamgharimu nini. Akisema tu kwamba amekumbuka vizuri zaidi, wataulizana jana alikuwa anahesabu nini. Alijaribu kutafuta maelezo mengine. Alifikiria kusema ameoteshwa ndotoni. Alifikiria kusema amesali. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake jana yake ilikuwa imeishia kwenye bidoni. Akaingia ndani, akavaa koti.

Jean-Bosco alikuwa anapiga mswaki mlangoni pake.

"Chef, mupaka ya jana haiko ya kweli."

Jean-Bosco akatema povu. Hakuwa mjinga, ndiyo maana alichaguliwa. "Papa, sikiliza muzuri. Ile karatasi iko na sahihi yako. Ukisema ya jana ni ya kudanganya, batu bataniuliza: na zingine je? Avenue muzima iko juu ya ule mukia yako. Enda ulale."

"Ule mama anang'oa mawe."

"Niko najua."

"Basi ita batu."

Walikuja wengi kuliko jana, kwa kuwa habari ya mtu anayetaka kujiaibisha haihitaji kutangazwa. Dative alikuja na kigoda chake, akakaa mbele. Achille alikuja na viatu vilevile. Nabintu aliitwa kutoka kwenye mawe yake, akasimama akipangusa mikono bila kuelewa.

"Bandugu," Védaste akasema, kisha akarudia ili hata wa nyuma wasikie. "Bandugu, jana nilidanganya. Mupaka ya Bashige miye sikuizungukaka. Nilikuya saa sita, kasiksi ilikuwa imeshafika. Nilitia sahihi, nikakunywa. Ya Achille vilevile. Jana nilisimama pale pa fimbo juu ya kuona jua inafika kwa bidoni."

Mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, polepole, kama anayegusa jino bovu: "Na ya kwetu?"

"Tumalize kwanza hii," Védaste akasema.

Akawaeleza kile alichokiona. Akaeleza vijiti, msalaba, bonde la mlima. Akaeleza pia kwa nini alikuwa amesimama pale, kwa kuwa bila sababu ile ushahidi wote usingekuwa na miguu, na akamtaja marehemu Hitimana na maneno yake. Wanawake walianza, wanaume wakafuata. Walicheka wakashikana mabega. Bibi mmoja alifuta machozi akasema, "Mficha uchi hazai, Papa, lakini funga koti." Kijana mmoja akamwita Papa Kasiksi, jina likapokelewa papo hapo, na Védaste alilisikia likipita kwenye umati kwenda nyuma na kurudi. Alisimama tu. Lilimwuma kuliko alivyotegemea.

Achille peke yake hakucheka. "Chef," akasema, "sasa mukojo imekuwa document?"

"Acha aoneshe," Jean-Bosco akasema.

Védaste akashuka mpaka upande wa chini wa viwanja. Hakuhesabu kwa Kifaransa. Alikwenda upandeupande kama kaa, uso wake ukiutazama mlima, hatua moja, nusu hatua, akarudi kidogo, huku watu wote wakisogea pamoja naye na kunyoosha shingo. Alikuwa anakaribia turubai la Nabintu aliposimama.

"Achille, kuya hapa. Simama pa miguu yangu. Unaona musalaba?"

"Ninaona."

"Iko wapi?"

Achille alikawia kujibu. Ni mtu wa haraka, lakini si mwongo. "Iko ndani ya bonde," akasema. "Katikati kabisa."

Jean-Bosco naye akasimama pale, akaona vilevile. Ndipo Védaste alipotazama chini kutafuta pa kuweka fimbo, akakuta bega lake limegusa mti wa kamba ya nguo wa Nabintu. Akaung'oa ili upishe. Tundu lililobaki lilikuwa la mviringo, laini ndani kama chungu, lenye upana wa mguu wa mtu, nalo lilishuka chini sana kuliko matundu ya kawaida ya jiwe.

Kila mtu wa Goma amewahi kuona tundu la mgomba ndani ya jiwe. Moto wa mlima ukiukuta mti wenye maji mengi, jiwe linaganda kuuzunguka kabla mti haujaisha kuungua. Mti unaondoka, nafasi yake inabaki. Na mwenye maji mengi kuliko muyenzi ni nani? Watu wakaanza kufagia majivu na kokoto kuelekea kanisani. Baada ya hatua moja lilitokea tundu la pili. Likaja la tatu, la nne, la tano, yote yamejaa vumbi, yote yamepangana kupanda juu kwenye msalaba. Miyenzi ya Bashige, ambayo ilikuwa imenenepa miaka kumi na saba, ilikuwa bado imesimama pale, isipokuwa yenyewe haikuwepo.

Nabintu alijishika mdomo. Kwa miezi mitatu alikuwa ameanika nguo za watoto kwenye mpaka wa mumewe.

Achille alikunja mkono wa shati, akapiga magoti na suruali yake nzuri, akauingiza mkono ndani ya tundu mpaka begani. Alipapasa kwa muda mrefu.

"Iko na matawi," akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa ya dukani tena. "Inagawanyika humu ndani. Ni muti." Akainuka, akajipangusa. "Siwezi gombana na tundu."

Kwa kusema haki, mstari ule ulimnyima Nabintu hatua moja aliyokuwa ameidai, ile ya nyuma ya kamba ya nguo, na hatua hiyo Achille aliipokea kwa shukrani kwa kuwa mtu akishindwa hapendi kurudi Mabanga mikono mitupu. Saba zilizobaki zilikuwa za Nabintu. Vyumba viliingia. Jiko liliingia. Nabintu alikwenda kwenye rundo la mawe aliyoyahamisha, akaokota la kwanza na kulirudisha mahali pake, na safari hii mtoto wake mkubwa alipoinama kusaidia alimwacha.

Achille alituma mtu bidoni nyingine, kwa kuwa ugomvi wa mpaka usipozimwa kwa kasiksi unafukuta. Bidoni ikaja. Watu wakakaa. Védaste naye akaanza kutafuta mahali pazuri.

"Ee, Papa Kasiksi," Dative akasema kutoka kwenye kigoda chake, kwa sauti ya mtaa mzima. "Kwanza nini?"

Wote wakamtazama.

"Kwanza miguu," akajibu, kama mtoto mbele ya ile rula.

Basi akazunguka. Jiwe lile ni kali, linakata kandambili, na magoti yake, ambayo miaka yote alikuwa akiyasingizia, siku hiyo yaliuma kweli. Nabintu alitangulia na fungu la vijiti vya miyenzi alivyokatiwa kwenye uzio wa jirani wa chini, ambako moto haukufika, na mtoto akafuata na ndoo ya udongo. Walipofika kwenye kila tundu, mtoto alimwaga udongo, Nabintu akampa Védaste kijiti, naye akainama akakichomeka pale pale mwenzake alipokuwa. Kisha zile pande nyingine tatu, pembe kwa pembe. Nyuma yake alisikia watu wakiulizana habari za karatasi zao, na Dative akiwapangia siku: wewe Jumatatu, wewe Jumatano, hapana, Alhamisi anapumzisha magoti. Alikuwa anampangia kazi ya mwaka mzima, tena bila kumwuliza.

Aliporudi, bidoni ilikuwa imelala chini kwa ubavu. Watu walikuwa wengi, na kuzunguka huchukua muda. Hakuna aliyemwekea. Karatasi mpya ilikuwa juu ya goti la Jean-Bosco, na biki iliyokuwepo ilikuwa ile inayovuja. Védaste akatia sahihi. Mkono ulikuwa umechoka, mkia ukaishia njiani, haukulizunguka jina. Aliutazama, akafikiria kuumalizia, akaacha.

Alikaa juu ya jiwe akihema. Mama Nabintu akaja na kikombe, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa, Papa Témoin," akasema.

Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Védaste akakipokea kikombe, akachungulia ndani. Yalikuwa maji. Aliyanywa yote, akaomba mengine.